Kuhamisha santuri za Siti binti Saad: shajara ya mradi

13 Januari 2024: Tulichonacho

Kazi ni kuzihamisha santuri 11 za sheleki zenye sauti ya Siti binti Saad na wenzake ziwe mafaili ya kompyuta, kuandika maneno ya nyimbo, na kuacha orodha ambayo mtu mwingine ataweza kuikagua. Pande ni 22. Sahani tisa ni nzima, moja ina ufa kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na moja imevunjika vipande vitatu. Zote ni za inchi 10, yaani dakika tatu na kidogo kila upande.

Kwa asiyemjua: Siti, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, kwa jina la Mtumwa. Alitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, akahamia mjini takriban 1911, akaishi mtaa wa Ng'ambo na kufunzwa muziki na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa 1905. Machi 1928 yeye na kundi lake, wakiwemo Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk, walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa Gramophone Company, lebo ya His Master's Voice, ile yenye mbwa aliyeinamia gramafoni. Hizo ni miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili kuuzwa dukani. Siti alifariki 8 Julai 1950.

Kwa fundi, la kushika hapo ni mwaka 1928. Gramophone Company ilianza kurekodi kwa maikrofoni na umeme mwaka 1925, kwa hiyo sauti hizi hazikuingia kwa tarumbeta la bati kama za miaka ya kabla yake. Hilo litaamua mambo mengi huko mbele.

Jambo la kwanza ni katazo. Usizijaribu sahani kwenye gramafoni ya babu, hata ikiwa inafanya kazi vizuri. Kichwa chake hubonyeza mfereji wa sahani (ule mchoro mwembamba unaobeba sauti) kwa zaidi ya gramu 100, na sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja. Wenyewe hawakubadilisha, na ndiyo sababu nusu ya sahani hizi zimelika.

Gharama hadi leo: pleya (mashine ya kuchezea santuri) ya mkono wa pili yenye kasi za mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika, TSh 480,000. Kadi ya sauti ya nje (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), TSh 260,000.

21 Januari 2024: Kuosha

Sheleki ni ndugu wa lakiri. Ni utomvu wa wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba. Seremala anayeng'arisha makabati anajua kinachoyeyusha sheleki: spiriti. Kwa hiyo kila dawa ya kuoshea santuri za plastiki yenye alkoholi ndani yake ni sumu kwa hizi. Tulidondosha tone moja la spiriti kwenye kipande kidogo cha ile iliyovunjika, mahali pasipo na mfereji. Ndani ya dakika moja mng'ao ulikuwa umeondoka na kidole kilibaki na weusi.

Tunachotumia ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, pamoja na matone mawili ya sabuni laini isiyo na rangi wala manukato kwa kila lita. Maji hayo yapo kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, nasi tulilipa takriban TSh 2,000 kwa lita. Hapa palitaka kutokea balaa. Ukisema tu "nipe maji ya betri", wauzaji wengine hukupa ya kuanzishia betri mpya, na hayo ni asidi. Omba maji ya kuongezea, soma chupa, na kabla ya kuyagusisha na sahani tia tone kwenye magadi. Yakitoa povu, yarudishe.

Lebo haitakiwi kulowa. Wino wake hukimbia, na karatasi ikivimba inabanduka. Kifuniko cha mkebe chenye kipenyo cha sentimita 9, kilichogundishwa ukanda wa sponji ukingoni, kinaikinga vizuri kikikandamizwa kwa kiganja. Piga brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mfereji, usikatishe. Suuza, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba, kisha isimamishe kivulini saa mbili. Jua na kikausha nywele vyote hupinda sheleki.

Ukungu mweupe wa pwani hutoka, lakini fanyia kazi hiyo nje na uvae barakoa. Sahani nne zilihitaji kuoshwa mara mbili au zaidi. Ya nne ilitoa maji ya rangi ya kahawa hata mara ya tatu, ndipo tukagundua kwamba haukuwa uchafu: sabuni tuliyoanza nayo ilikuwa kali mno na ilikuwa ikitoa masizi ya sahani yenyewe.

4 Februari 2024: Sindano, na wiki mbili zilizopotea

Kosa letu kubwa hadi sasa ni hili, na ndilo karibu kila mtu hulifanya.

Pleya ilikuja na sindano ya kawaida ya santuri ndefu (LP za plastiki), yenye ncha ya takriban mikroni 18 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana zaidi mara mbili au tatu, na sindano yake ya kawaida ni mikroni 76, ambazo vitabu vya zamani huziita mil 3. Ile ndogo huzama hadi chini na kuburuzika kwenye takataka, haigusi kuta zenye sauti. Kinachotoka ni mvua ya makuti na Siti akiimba chumba cha tatu. Tulirekodi pande tisa namna hiyo, tukadhani sahani ndizo zimekwisha, tukaanza hata kutafuta programu za kuondoa kelele. Pande zote tisa zimefutwa.

Sindano ya mikroni 76 iliagizwa nje: TSh 95,000, na usafiri TSh 40,000. Ilipofika, sahani ileile tuliyoiandikia "imekufa" ilitoa fidla na udi waziwazi, hata tari ikasikika inapoguswa kwa vidole tu.

Haikuishia hapo. Gramafoni za zamani zilikula ukuta wa mfereji kwenye kimo kimoja, pale sindano za chuma zilipokuwa zikikaa. Ukipata sindano inayogusa juu au chini ya pale, unasoma ukuta ambao haujaguswa tangu kiwandani. Tumenunua mbili zaidi, ya mikroni 64 na ya mikroni 89, zote zenye ncha iliyokatwa ili zisifike chini. Jumla TSh 210,000, ghali kuliko kitu chochote isipokuwa pleya na kadi ya sauti, na bado ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Utaratibu sasa: kila upande unapigwa mara tatu kwa dakika moja, sindano tofauti kila mara, kisha tunachagua. Kati ya pande 16 zilizojaribiwa, saba zilipendelea mikroni 76, sita mikroni 64, na tatu ile nene. Hakuna kanuni ya kukisia kwa macho. Sahani inayong'aa iliwahi kutaka ile nene, na yenye kijivu ikataka nyembamba.

Uzito wa sindano ni gramu 4, umepimwa kwa mizani ndogo ya TSh 35,000. Tulipojaribu gramu 2, kama wanavyoshauri kwa santuri za plastiki, sindano iliruka kwenye kila mkwaruzo.

Katriji (kichwa kinachoshika sindano) ni ya stereo, yaani ya njia mbili, ingawa rekodi ni za njia moja. Sababu: sauti imechorwa kwa kuyumba kushoto na kulia, lakini uchafu husukuma sindano juu na chini pia. Ukizijumlisha njia mbili, sehemu ya kelele hiyo inajifuta. Na ukuta mmoja ukiwa umelika zaidi, unabaki na mwingine. Hifadhi faili ghafi la njia mbili, usijumlishe wakati wa kurekodi. Mara moja tulijumlisha na sauti ya Siti ikatoweka kabisa, ukabaki mkwaruzo mtupu. Nyaya za njia mojawapo nyuma ya katriji zilikuwa zimegeuzwa. Tangu siku hiyo tunatumia hali hiyo kama kipimo: tunatoa kushoto kwa kulia kwa makusudi, na tukisikia wimbo wowote umebaki, kichwa hakijakaa wima.

18 Februari 2024: Kasi

Sahani inaitwa ya 78, lakini kasi halisi hutegemea umeme wa nchi. Kipimo ni kadi ya duara yenye mistari, inayowekwa juu ya pleya chini ya taa: taa hupepesa kufuata Hz za umeme (mitetemo kwa sekunde), na kasi ikiwa sahihi mistari huonekana imesimama. Kwa umeme wa Marekani wa Hz 60, kadi ya mistari yenye mistari 92 husimama kwenye mizunguko 78.26. Kwa umeme wetu wa Hz 50, kadi huwa na mistari 77 na husimama kwenye 77.92. Tofauti hiyo ya nusu asilimia hakuna sikio litakaloilalamikia.

Tatizo ni kuchapisha kadi isiyo yako. Kadi tuliyopakua ilikuwa ya mistari 92. Chini ya taa ya Hz 50, kadi hiyo husimama kwenye 65.2. Pleya yetu ina kitelezi kinachoshuka hadi asilimia 20, kwa hiyo tuliweza kuifikisha huko, tukaona mistari imetulia tuli, tukarekodi pande nne tukijipongeza. Sauti ilikuwa chini kwa nusu-toni tatu na zaidi. Siti akawa mwanamume mwenye mafua, na bado hakuna aliyeshtuka mara moja, maana sote tulikuwa tumezoea kusikia santuri mbovu. Kilichotugutua ni udi: mpigo wa kukung'uta uzi ulikuwa mzito kama unapigwa ndani ya maji.

Kosa la pili lilifuata hapohapo. Tulipochapisha kadi sahihi, mistari haikuonekana kabisa, ikawa kijivu kitupu. Taa ilikuwa imebadilishwa kuwa LED, na LED nyingi nzuri hazipepesi. Tumia taa ya neoni, ile nyekundu ndogo ya kwenye soketi za upanuzi, ukiishika karibu na kadi usiku.

Na kama huna kadi wala taa, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya pleya na uhesabu kwa saa ya simu. Dakika tatu ni mizunguko 234. Ukipata 232 au 236, uko ndani ya asilimia moja. Tumeikubali njia hii kuliko taa, kwa sababu umeme wenyewe haukai kwenye Hz 50 jioni nzima.

Hadi hapo unajua kasi ya pleya yako. Kasi waliyorekodi nayo kule Bombay ni jambo jingine. Kwenye rekodi za piano au bendi ya shaba, mtu hupatanisha na noti ya La ya Hz 440. Hapa hakuna cha kupatanishia: udi hukazwa kufuata koo la mwimbaji, na fidla humfuata udi. Aliyekuambia "wimbo huu uko kwenye Re" amepima pleya yake. Tunachoweza ni kulinganisha pande mbili za sahani moja, na sahani zenye namba za matriksi (zilizochorwa kwenye sahani yenyewe, karibu na lebo) zinazofuatana, ambazo huenda zilikatwa siku moja kwa mashine moja. Kwenye jozi nne kati ya tano, nyuzi za udi zilizo wazi ziliangukia mahali pamoja zote zikichezwa kwa 78. Jozi ya tano ilipishana kwa karibu robo toni. Hatukuirekebisha. Tumeandika tofauti hiyo kwenye orodha na kuiacha ilivyo.

3 Machi 2024: Muungurumo na mkunjo wa RIAA

Muungurumo wa umeme wa Hz 50, na kaka zake wa 100 na 150, ulikuwa kila mahali. Soketi za nyumba hazikuwa na waya wa ardhi. Tulifunga waya wa ardhi wa pleya kwenye boksi la kadi ya sauti, ukapungua nusu. Uliobaki uliisha tulipochomoa chaja ya kompyuta na kurekodi kwa betri. Simu nayo iwe chumba kingine. Gharama: waya mita 3, TSh 4,500.

La RIAA linahitaji maelezo. Wakataji wa santuri hawakuandika besi kwa ukubwa wake, kwa sababu mfereji ungeyumba hadi kuvunja jirani yake. Walipunguza besi, na kifaa cha kuchezea kikairudisha. Santuri ndefu zote zinafuata kipimo kimoja tangu 1954, kiitwacho RIAA: besi hurudishwa kuanzia Hz 500 kwenda chini, na sauti nyembamba hupunguzwa, kiasi cha desibeli 13.7 zikifika Hz 10,000. Priampu ya pleya yetu (kikuza sauti chake cha ndani) inafanya hivyo bila kuuliza. Sahani za 1928 hazikukatwa hivyo. Mfumo wa Western Electric, kampuni ya Marekani, uliotumiwa na Gramophone Company ulipunguza besi kuanzia karibu Hz 250 tu, na huku juu haukuongeza kitu. Ukizipitisha kwenye RIAA unapata besi nene ya uongo na herufi "s" na "sh" zimezibwa. Kwa mashairi ya Kiswahili hilo ni hasara tupu: "sina" na "hina" zinakuwa kitu kimoja.

Utajuaje mfumo uliotumika? Ushike upande uelekee taa ya pembeni, uangalie eneo tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Kando ya namba ya matriksi, Gramophone Company iliweka pembetatu ndogo kwa rekodi za Western Electric. Mraba ulikuja baadaye, kwa mfumo wa mhandisi Blumlein, baada ya kampuni hiyo kuungana na Columbia mwaka 1931 na kuwa EMI. Alama hizo ni ndogo kama mbegu ya ufuta. Tulizikosa kwenye sahani tatu mpaka tulipopaka unga kidogo wa chaki kwa kidole kikavu na kuupuliza.

Suluhisho letu ni mkunjo wa kinyume uliochorwa ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti: kwanza unaifuta RIAA ya priampu, kisha unarudisha besi kuanzia Hz 250 kwenda chini. Umehifadhiwa kama faili ili kila upande upate kilekile. Priampu isiyo na RIAA ingekuwa safi zaidi, lakini hiyo ni fedha nyingine.

24 Machi 2024: Sahani yenye ufa

Kwa kasi ya 78 sindano iliruka ufani kila mzunguko. Tulijaribu utepe upande wa pili ili kubana, haukusaidia, na gundi ya utepe inang'oa sheleki. Usijaribu.

Kilichofaa ni kuicheza kwa kasi ya 45, halafu kuiharakisha kwenye kompyuta kwa 78 gawanya kwa 45, yaani mara 1.7333. Sindano ilipita ufa taratibu na kutoa mlio mmoja tu wa kukatika.

Faili la kwanza lilitoka na sauti ya kopo. Tuliharakisha kwanza, ndipo tukaifuta RIAA. Lakini priampu ilikuwa imeitia RIAA wakati sahani inazunguka polepole. Baada ya kuharakisha, kila kona ya mkunjo imepanda: iliyokuwa Hz 500 iko 867, na ile ya juu ya 2,122 iko 3,678. Mkunjo wa kufutia ulikuwa unakata mahali ambapo hapakuwa na kitu. Muungurumo nao ulikuwa umehama kutoka Hz 50 hadi karibu 87, ukapita katikati ya kichujio chetu bila kuguswa.

Mpangilio sahihi: ondoa muungurumo wa Hz 50, futa RIAA, kisha harakisha, na mwisho kabisa rudisha besi ya Hz 250. Ukipindua hatua mojawapo, anza upya kutoka faili ghafi.

Sahani mbili nyingine zilikuwa na tundu lisilo katikati kabisa. Dalili yake ni fidla inayoyumba kwenye noti ndefu, mara moja kila mzunguko. Usichonge tundu. Tuliinua sahani kwenye vipande vitatu vya sponji juu ya ncha ya katikati, tukaisogeza kidogokidogo hadi mkono wa pleya ukaacha kucheza kushoto na kulia. Dakika kumi kwa kila upande, bila gharama.

14 Aprili 2024: Kuondoa milio ya kukatika

Kwa mizunguko 78, ufa au jeraha hulia kila sekunde 0.77. Kwa faili la kHz 96 (vipimo vya sauti, yaani sampuli, 96,000 kwa sekunde) hiyo ni sampuli 73,846 kati ya mlio na mlio. Ukishaupata mmoja, mwingine unajua ulipo, na unaweza kuirekebisha yote kwa mkono ndani ya nusu saa.

Hatukuanza hivyo. Tuliipa programu kazi yote kwa nguvu ya kati. Matokeo yalikuwa laini, ya kupendeza, na tari ilikuwa imepotea. Kompyuta haijui tofauti ya jeraha na kidole kinachogonga ngozi: vyote ni mwinuko wa ghafla. Udi pia uliathirika, mwanzo wa kila mkung'uto ulikuwa umenyolewa. Tuligundua kwa kusikiliza kile *kilichoondolewa* peke yake. Kama ndani ya takataka unaweza kufuata mapigo ya wimbo, umetupa muziki.

Sasa: nguvu ya chini kabisa mara moja, kisha mkono. Mkwaruzo wa kuendelea hatuugusi isipokuwa kukata kila kilicho juu ya Hz 8,000, ambako mashine za kurekodi za 1928 hazikufika. Waliozoea sauti safi watalalamika. Faili ghafi lipo, na wakae nalo.

5 Mei 2024: Kuandika maneno

Sehemu hii tulidhani ingechukua siku tatu. Imechukua majuma matatu.

Msaada mkubwa ni kanuni za utungo wenyewe. Nyimbo nyingi hapa zina beti za mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili vya mizani 8, na vina katikati na mwisho. Kipande kikisikika kuwa na mizani 7, basi silabi moja imemezwa, na kina hukuambia inaishia na nini. Hesabu bila "ee" na "aa" za kuvuta sauti, na bila neno linalorudiwa ili kujaza mpigo. Mwanzoni tulizihesabu, tukapata mishororo ya mizani 19 na kudhani mtunzi alikosea.

Lakini kanuni hiyohiyo ilitudanganya. Kwenye upande mmoja mkwaruzo ulifunika silabi tatu. Tulipata neno linalotosha mizani, lenye kina sahihi na maana nzuri, tukaliandika. Wiki mbili baadaye tulirudia upande huo kwa sindano ya mikroni 64, na neno lilikuwa jingine kabisa, lenye mizani na kina vilevile. Letu lilikuwa la kulalamika, la Siti lilikuwa la kejeli. Tangu hapo hakuna kisio linaloingia kwenye mstari. Pengo linawekwa mabano na idadi ya mizani: (3), basi. Makisio yako safu ya pembeni.

Tumetafuta pia masikio ya wazee wa Ng'ambo. Hapa pana mtego mmoja wa kuepuka: usiwaonyeshe karatasi kwanza. Bibi aliyeonyeshwa maneno yetu aliyasikia maneno yetu. Mwenzake, aliyepewa sauti tupu, alicheka mshororo wa pili na kusema, "Huyo hasemi mlango, mwanangu, anasema mpango. Hebu rudisha." Tulirudisha. Ni mpango.

Rudia kipande cha sekunde mbili, kipunguze kasi hadi asilimia 70 bila kushusha kimo cha sauti, na sikiliza kwa sindano zote tatu. Ukikwama, lala.

19 Mei 2024: Orodha na mafaili

Lebo hutaja mwimbaji, haitaji mtunzi. Kwa kundi hili hilo ni tatizo halisi, kwa sababu nyimbo zilitungwa kwa pamoja barazani kwa Siti, Ng'ambo, na baadhi ya wenzake, kama Maalim Shaaban na Subeti, nao walirekodi kwa majina yao. Wimbo kama Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Bara, ulianza kama habari ya mtaani kabla ya kuwa santuri. Kwa hiyo orodha yetu ina safu tatu tofauti: jina lililoandikwa kwenye lebo, sauti inayosikika, na mtunzi. Safu ya mtunzi iko tupu kwenye pande 19. Wasifu alioandika Shaaban Robert unafaa kwa maisha ya Siti. Kwa namba, soma sahani.

Jina la wimbo tumeandika kama lilivyochapwa, hata tahajia ikiwa ya ajabu, kisha tahajia ya leo pembeni. Namba ya lebo na namba ya matriksi ni vitu viwili. Ya lebo ni ya duka, ya matriksi ndiyo inayotambulisha tukio la kurekodi. Mwanzoni tulizichanganya na ikatubidi kutoa sahani zote tena.

Mafaili ghafi ni WAV ya kHz 96 na biti 24, njia mbili: karibu MB 35 kwa dakika. Pande 20 zilizokamilika, pamoja na majaribio ya sindano, zimechukua GB 5 na kidogo. Nakala tatu, moja nje ya nyumba. MP3 ni za kusambaza kwenye simu tu.

Diski mbili za kuhifadhia: TSh 300,000. Bahasha 11 za karatasi isiyo na asidi: TSh 33,000. Sahani zinasimama wima kama vitabu, hazilazwi moja juu ya nyingine. Jumla ya mradi hadi leo, pamoja na maji na vitambaa, ni TSh 1,478,500.

Zimebaki pande mbili, za ile iliyovunjika vipande vitatu. Jaribio la kwanza la kuipanga juu ya sahani ya glasi, vipande vikishikwa ukingoni kwa udongo wa mfinyanzi na kuchezwa kwa kasi ya 33, limetoa sekunde 40 zinazosikika. Kipande cha tatu kinakaa juu ya wenzake kwa unene wa karatasi. Tunatafuta namna ya kukishusha bila gundi.